Karakana iliyochomelea bolti za trekta langu

Nilitaka hasira ipoe kabla sijaandika, lakini wiki zimepita nayo haijapoa, kwa hiyo naandika nikiwa nayo.

Trekta langu ni Massey Ferguson 165 la zamani, lenye kijiko cha mbele, na ndilo linalopakia mchanga na kokoto kwenye malori ya wajenzi upande wa Miritini, hapa Mombasa. Fremu ya kijiko imeshikiliwa na bolti zilizofungwa kwenye ganda la giaboksi, ambalo ni chuma cha kalibu, yaani cha kumiminwa, na kila kijiko kinapochota na kuinuka mzigo hupitia hapo. Baada ya mvua za masika niliona vumbi jekundu la kutu likichuruzika chini ya vichwa vya bolti za upande wa kulia. Vyuma viwili vilivyobanwa sawasawa havisagani, na visiposagana havitoi vumbi lile. Nilipoishika bolti moja kwa spana, kichwa chake kiliniangukia mkononi, shina likabaki ndani ya ganda.

Nikalipeleka trekta kwenye karakana moja ya Changamwe, ambayo sitaitaja jina. Kijana mmoja, ambaye nadhani bado anajifunza kazi, alilishughulikia shina lile asubuhi nzima. Hakulipiga kwa nyundo wala tindo. Aliweka nati juu yake, akaichomelea kwa ndani, akaiacha ipoe taratibu, kisha akawa anaizungusha mbele na nyuma kidogo kidogo huku akitia mafuta, hadi shina likatoka bila kujeruhi meno ya tundu. Akanionyesha lilipokatikia: sehemu kubwa ilikuwa laini na imeshika kutu, na sehemu ndogo ya ukingoni ilikuwa bado inang'aa. "Mzee," akaniambia, "hii haikukatika jana. Ililegea kwanza, ikawa inapinda kila ukichota, ufa ukaingia polepole. Kilichokatika juzi ni hicho kidogo kilichokuwa kimebaki." Laiti ningeandika mchana ule, ningewasifu watu wa karakana ile bila kusaza.

Msimamizi wake alifika baada ya chakula. Bolti za trekta hili ni za kipimo cha inchi, na tundu lile ni la bolti ya inchi 5/8, yenye meno 11 kwa kila inchi. Yeye akaokota kutoka kwenye kopo bolti ya milimita 16, ambayo kwa unene inakaribiana nayo mno, lakini kutoka jino hadi jino ina milimita 2 badala ya 2.3. Kichwani haikuwa na alama yoyote ya ugumu, si mistari kama bolti za inchi, si nambari kama 8.8 au 10.9. Iliingia mizunguko miwili mitatu kwa mkono, ikagoma. Kijana akasema, "Bosi, meno hayapatani," akanyamazishwa. Ikaletwa spana ya upepo, na bolti ikazama kwa nguvu huku ikiyakwangua meno yale yale ambayo kijana alikuwa ameyanusuru asubuhi nzima. Ilipokataa kukaza, msimamizi akavuta waya wa kuchomelea na kukiunganisha kichwa cha bolti na fremu. Akafanya hivyo kwa bolti zote nne za upande ule, hata zile zilizokuwa nzima.

Nikamwambia, "Bwana fundi, moto huo unaua ugumu wa bolti, na siku nyingine zitafunguliwaje?" Hakuinua hata macho. "Mzee, nenda kapunge upepo ufukweni Mama Ngina, kazi ya chuma tuachie wenyewe." Waliokuwepo wakacheka. Nina mvi, na trekta lile nimelilisha grisi kwa mikono yangu miaka mingi kuliko umri wa baadhi yao. Nikalipa shilingi 9,500 nikaondoka, na hilo la kulipa bado linaniuma.

Trekta lilifanya kazi siku chache. Weldi ilishika vichwa, lakini hapakuwa na kilichobana, maana kinachoizuia fremu isiteleze si unene wa bolti bali ule mvuto wake inapokazwa. Fremu ikaendelea kucheza, na jioni moja, kijiko kikiwa kimejaa kokoto, tulisikia kishindo: kipande cha ganda chenye ukubwa wa kiganja kilikuwa kimemeguka pamoja na bolti, na oili inachuruzika mchangani.

Hapa nataka kuwa mwadilifu. Trekta ni la zamani, hewa ya chumvi ya pwani haina huruma, na mimi nilichelewa kulipeleka. Pengine ganda lilikuwa na ufa tangu awali. Na kwa kazi ya kutoa bolti iliyokatikia ndani, sijaona wa kumfananisha na yule kijana. Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikusudia kusema nendeni, ila nunueni bolti wenyewe na msimame karibu mkitazama.

Lakini nilikuwa nimerudi pale kumwonyesha msimamizi kile kipande. Alikigeuza, akakitupa kwenye rundo la vyuma chakavu, akasema trekta lilikuwa limeshakufa kabla halijafika kwake. Nikamuulizia kijana, nikaambiwa hayupo tena. Ninapoyakumbuka hayo, ushauri wangu naufuta. Msiende, hata kwa nati moja.

Fundi mwingine, wa Mikindani, aliipasha moto sehemu ile taratibu, akaliziba ganda kwa vijiti vya nikeli, akatia bushi yenye meno katika tundu lililoharibika, akakwangua rangi na kutu kwenye nyuso zinazokutana, kisha akafunga bolti za inchi zenye mistari 6 kichwani pamoja na washa ngumu. Alizikaza kwa zamu kwa spana ya kupimia nguvu, na baada ya siku ya kwanza ya kazi akaja kuzikaza tena. Gharama ilizidi mara tatu ile ya kwanza, na pesa ziliisha kabla ya kuufikia upande wa kushoto, ambako bolti mbili zimeanza kutoa vumbi jekundu. Ikiwa yupo anayejua yule kijana alikohamia, naomba aniambie, kwa sababu hizo mbili ningependa azitoe yeye.