Uzoefu wangu na mawe hai ya kuagiza mtandaoni: mmea safi, udongo mbaya

Nina mwaka mmoja na miche mitatu ya Lithops aucampiae, aina mojawapo ya mawe hai (mimea ya jangwani inayofanana na kokoto), niliyoagiza kutoka kitalu kimoja cha Nairobi. Mimea ni bora. Udongo uliokuja nayo na karatasi ya maelekezo ndivyo vya kutupa.

Hii ni mimea ya Northern Cape, Afrika Kusini: jozi moja ya majani manene, upana wa sentimita 2 hivi, rangi ya kahawia nyekundu kama kokoto za kwao. Ilifika imara, bila vidung'ata mizizini. Yote ilikuwa na saizi moja, dalili nzuri kwamba ilioteshwa kwa mbegu. Ukiletewa yenye makovu na saizi zisizolingana, uliza imetoka wapi, kwa sababu wizi wa mimea midogo ya jamii hii unafyeka maeneo yake ya asili.

Vikopo vilijaa vumbi tupu la makumbi ya nazi. Makumbi hukaa na unyevu siku nyingi, na shingo ya Lithops (pale majani yanapokutana na mizizi) huanza kuozea hapo. Ng'oa siku hiyohiyo, toa makumbi yote kwa kijiti cha meno, acha mizizi kivulini siku 3. Mimi natumia sehemu 7 za mawe mepesi ya volkano yenye chembe za milimita 2 hadi 5, 2 za mchanga mnene wa mtoni ulioshwa, na 1 ya udongo wa shamba. Chekecha vumbi lote. Chungu kiwe na kina cha sentimita 10, maana mzizi mkuu unashuka. Maji ya kwanza baada ya wiki moja.

Karatasi inasema "mwagilia kila wiki". Usithubutu! Subiri mbavu zifanye mikunjo na mmea ulegee kidogo ukiubonyeza, kisha lowesha chungu chote mpaka maji yatoke chini. Kwangu hiyo ni kila wiki 3 hivi. Ukizidisha, jani hupasuka ubavuni.

Kipindi kigumu ni cha kubadili majani. Ufa wa katikati unapanuka, na ndani unaona jozi mpya imekaa mkingamo na ile ya zamani. Hapo funga maji kabisa, hata kama ni miezi 3. Jozi mpya inanyonya maji ya ile kuukuu mpaka ibaki ngozi kavu kama karatasi. Ukimwagilia mapema, majani ya zamani hubaki manono, mapya hudumaa, na mmea unabeba jozi mbili zinazobanana. Ngozi usiibandue kwa nguvu.

Jua la asubuhi kwa muda wa saa 4 linatosha, ukiuzoesha mmea polepole kwa wiki 2, la sivyo unapata doa jeupe lisilofutika. Wakati wa masika weka chini ya paa angavu.

Nitaagiza tena, ila safari hii nitaomba waniletee mizizi mitupu iliyofungwa kwenye karatasi kavu.