Bawaba ya Miwani Ikilegea: Cha Kununua Kwanza na cha Kuachia Muuzaji

Mkono wa miwani hauanguki bila kutoa taarifa. Huanza kucheza, kisha miwani ikateremka puani kila unapoinamisha kichwa, na siku skrubu inapochomoka, huchomoka mahali pabaya. Yangu ya mwisho ilipotelea chini ya kiti cha matatu, nikashuka katikati ya jiji nikiwa nimeishikilia miwani usoni kwa kidole. Skrubu yenyewe ni bidhaa ya bei ndogo sana. Kinachoamua kama miwani itapona au itaharibika zaidi ni kifaa kinachoizungusha, na ndiyo maana orodha yangu haianzii kwenye vile visanduku vya skrubu vinavyouzwa kwa wingi.

Kabla ya kutoa pesa, itazame bawaba yenyewe mwangani. Bawaba ya kawaida ina pete ndogo zinazopishana, mara nyingi tatu au tano kwa jumla, na skrubu hupita katikati yake; skrubu nyingi za hapo zina unene wa kati ya milimita 1.2 na 1.6. Bawaba ya springi utaijua kwa kuusukuma mkono kwa nje: hufunguka kupita kiasi cha kawaida, kisha hurudi wenyewe. Tofauti hiyo ndiyo itakayoongoza ununuzi wako.

Nafasi ya kwanza naipa bisibisi moja ya saa au ya simu, yenye chuma kigumu na kofia inayozunguka juu, ili kidole cha shahada kikandamize huku vidole viwili vikizungusha. Nunua ya ncha bapa ya takriban milimita 1.5, na ukiona msalaba kwenye kichwa cha skrubu yako, ongeza ile ndogo ya nyota. Pa kuitafuta jijini Nairobi ni Luthuli Avenue na vichochoro vilivyo jirani, kwa wauzaji wanaohudumia mafundi wa simu, kwa sababu fundi anayefungua simu siku nzima hawezi kuvumilia ncha inayojikunja. Nilipokuwa nikisita kati ya mbili, kijana muuzaji alinitolea simu mbovu akaniambia, “Jaribu hapa kwanza, mzee, usilipe bure.” Ya bei nafuu iliteleza na kukwaruza kichwa cha skrubu, ya pili ilikaa kwenye mfereji wa skrubu kana kwamba ilichongewa humo. Kichwa kikishachubuka, hata fundi bingwa atalazimika kuichimba skrubu hiyo, kwa hiyo tofauti ya bei kati ya bisibisi hizo mbili naiona ndogo.

Nafasi ya pili ni ya skrubu zenye mkia mrefu, na kwa mwenye bawaba ya springi ningezipandisha hadi ya kwanza. Mkia huo mwembamba hutangulia kupita katika pete ambazo springi imezivuta zisilingane, nawe ukiuvuta huku ukikaza, pete hujipanga zenyewe. Skrubu ikishakaa, mkia huvunjwa na kilichobaki hukatwa kwa koleo ndogo. Bila skrubu za aina hii, kazi ya springi huhitaji mikono mitatu. Si kila duka linazo, na wengi wanaoziuza huziagiza kupitia intaneti.

Kisanduku chenye skrubu mchanganyiko, nati, vipande vya puani na bisibisi moja ndani yake kinashika nafasi ya tatu. Kinafaa kwa nyumba yenye wavaaji kadhaa wa miwani, maana utapata humo unene na urefu unaokaribia wako. Bisibisi yake, hata hivyo, kwa kawaida ni laini kama msumari wa bati, na skrubu zimechanganyika kiasi kwamba utahitaji kibano na subira. Zile bisibisi za kuning’iniza kwenye ufunguo nazipa nafasi ya nne, kwa dharura tu.

Unapounganisha, tandika taulo mezani, kwa kuwa skrubu inayoangukia sakafu ya vigae haipatikani. Linganisha pete kwa kijiti cha meno, ingiza skrubu, kisha izungushe kinyume kidogo hadi uisikie ikidondoka kwenye njia yake kwa mshtuko mdogo sana. Hapo ndipo ukaze. Anayekaza moja kwa moja bila kuisikia njia huua nyuzi za pete, yaani ile mikato ya ndani inayoishika skrubu, na pete haina akiba. Ili isilegee tena, tone dogo la gundi ya kufungia skrubu, ile ya zambarau isiyo kali, linatosha kwenye bawaba ya chuma, likitiwa kwa ncha ya sindano. Kwenye fremu ya plastiki ningejizuia, kwa kuwa gundi hiyo inaweza kuipasua. Rangi ya kucha isiyo na rangi ni mbadala wa nyumbani unaofanya kazi, ila viyeyushi vyake hula fremu za asetati, ambayo ni aina ya plastiki, hivyo iguse skrubu peke yake.

Mkiani kabisa ni supaglu. Huzifunga pete zisikunjike tena, mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye lenzi, na fundi atakayeipokea miwani baadaye atatumia muda mwingi kukwangua kuliko kutengeneza.

Pete ikiwa imekatika, usinunue chochote katika hivi. Fremu nyingi za chuma hulehemiwa kwa madini ya fedha, lakini titani ikipashwa moto hewani hushika oksijeni na kuwa dhaifu, hivyo huhitaji leza; na kwenye asetati bawaba huzamishwa kwa joto ndani ya fremu yenyewe. Peleka kwa duka la miwani, uulize kwanza kama wanalehemu wenyewe au wanaituma kwingine. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji nawaheshimu mno kwa masufuria na masanduku yao, lakini moto wao si wa kazi hii.