TAHADHARI: Kuna anayeuza pati ya bodi kwa jina la "gundi ya ekzosi"

Ndugu zangu mnaotengeneza magari yenu wenyewe, huyu muuzaji mkimwona mpiteni mbali. Anauza mtandaoni makopo ya kitu anachokiita gundi ya ekzosi, yaani ya kuzibia bomba la moshi, lakini kilichomo ni pati, ile ile ambayo mafundi wa bodi hujazia mabonde kabla ya kupiga rangi. Kopo limebandikwa lebo mpya yenye picha ya moto na maandishi kwamba inavumilia nyuzijoto 1,200. Nilinunua kwa ajili ya bomba la kati lililotobolewa na kutu, na matokeo yake nimeyaona mwenyewe.

Jifunzeni kuitambua kwa kilichomo, maana lebo ameshaibadilisha na ataibadilisha tena. Ukifungua kifuniko unakuta uji mzito, na pembeni kuna tyubu ndogo ya dawa nyekundu ya kuchanganyia. Hapo hapo simama. Harufu yake ni kali, inapanda puani, ndiyo ile ya karakana ya rangi. Ukishachanganya inaganda mbele ya macho yako hata gari halijawashwa. Gundi ya ekzosi yenyewe haiko hivyo. Ile ya kawaida huja peke yake bila dawa ya pembeni, msingi wake ni silikati ya sodiamu, mikono unanawa kwa maji tu ikiwa mbichi, haina harufu ya kukera, na kinachoikaza ni joto. Ndiyo maana maelekezo yake hukwambia upake, kisha uiache injini iungurume taratibu mpaka ishike.

Pati kwenye mlango wa gari haina neno. Lakini bomba lililo karibu na injini ya petroli, gari likipanda mlima na mzigo, joto lake huweza kupita nyuzijoto 600, na pati ni plastiki. Kwangu mwanzoni ilikaa vizuri, kelele ikaisha. Baadaye ikaanza kuingia ndani harufu ya plastiki inayoungua. Nilipolala chini kuangalia, nikakuta imekuwa nyeusi, imevimba vipovu, kingo zimebanduka, na nilipoigusa kwa bisibisi ikamong'onyoka kama mkaa. Tundu lilikuwa kubwa kuliko mwanzo, kwa sababu pati ilipobanduka iliondoka na magamba ya kutu iliyokuwa imeyashikilia.

Pesa inauma, lakini kinachonikasirisha ni hatari anayowauzia watu. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Bomba likivuja chini ya viti, na sakafu ya gari kuukuu nayo ina matundu yake, hewa hiyo inapanda hadi kwa waliokaa ndani. Kichwa kinaanza kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, halafu usingizi. Mtoto aliyelala kiti cha nyuma hakuna atakayemshtukia. Mwenye gari naye ametulia, anajua tundu ameziba.

Nilipomwandikia alisema sikusugua kutu. Nikamtumia picha ya chuma kilichosuguliwa kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa. Akageuka, akasema tundu lilikuwa kubwa mno. Kisha akanishauri ninunue kopo la pili nipake juu ya la kwanza. Nilipoomba pesa yangu akanifungia mawasiliano.

Video anayotangazia isiwadanganye. Anapitisha mwali wa kiberiti cha gesi sekunde chache juu ya kipande kilichopakwa, halafu anakigusa kwa kidole. Mtu yeyote anaweza kufanya hivyo kwa pati. Mwenye wasiwasi na kopo lake apake kidogo kwenye kipande cha chuma, akiache kikauke, kisha akiweke kwenye makaa mekundu, nje ya nyumba, akae mbali na moshi. Pati itafuka moshi mweusi na kushika moto. Gundi ya ekzosi inaweza kufutuka kidogo, lakini haiwaki.

Jambo jingine: anashawishi watu wamtumie sehemu ya zamani ya ekzosi yenye masega (katalisti, inayosafisha moshi) ili awapunguzie bei ya bomba jipya. Msimpe. Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kubwa, na hicho kipande cha kutu unachotaka kumpa kinaweza kuwa na thamani kuliko bomba lake. Pia anasema bomba lolote linalonasa sumaku si stenlesi, yaani chuma kinachohimili kutu. Uongo. Ekzosi nyingi zinazotoka kiwandani ni za stenlesi ya daraja la 409, na hiyo sumaku inanasa.

Sisemi watu waache kujitengenezea. Kazi hii inawezekana na inaokoa pesa kweli, ila gundi, hata iliyo halali, ni ya tundu dogo au kiungo kinachopumua. Ekzosi huliwa na kutu kutoka ndani, kwa maji yanayobaki kwenye bomba hasa gari likizoea safari fupi, kwa hiyo chuma kinachozunguka tundu huwa kimeshakuwa chembamba kuliko kinavyoonekana. Kisukume kwa bisibisi. Kikibonyea, kata sehemu iliyooza, vika kipande cha bomba kinachoingiana, kaza kwa klampu, au mpelekee fundi wa kuchomelea kipande hicho tu. Tundu likiwa kabla ya sensa ya oksijeni (kipimio kwenye ekzosi kinachoiongoza injini itumie petroli kiasi gani) usichelewe, maana hewa ya nje inavutwa ndani, sensa inadanganyika, na injini inaongezewa petroli bure. Na tafadhali, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi.

Ukimaliza, pima. Injini ikiwa ya baridi, gari likiwa nje, iwashe, mwenzako azibe kidogo mdomo wa bomba kwa kitambaa kizito, wewe upake maji ya sabuni kwenye kiraka. Povu likitoka, bado panavuja.

Kama tayari umepaka bidhaa ya huyu mtu, usibebe watu kwenye gari hilo mpaka uibandue yote na kupima upya. Tunza kopo, lebo, mazungumzo na risiti ya malipo. Uliyelipa na mzigo haujafika, wasiliana leo na kampuni uliyolipia, uombe muamala usitishwe, na uripoti ukurasa wake kwa wenye mtandao.