Advanced Custom Fields PRO: Dola 49 kwa Mwaka Zinalipia Nini?

Wateja wengi wanaojengewa tovuti kwa WordPress husoma ankara mpaka wakafika kwenye mstari unaosema "leseni ya ACF PRO, dola 49, kila mwaka", kisha huuliza swali la haki kabisa: ikiwa WordPress ni programu huria inayopakuliwa bure, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuinakili, kuibadili na kuisambaza, kwa nini kipande kinachopachikwa juu yake kilipiwe, tena kila mwaka? Nimeitumia Advanced Custom Fields katika kazi za wateja, toleo la bure na la kulipia, na jibu langu ni kwamba fedha hizo zina thamani, mradi anayelipa afahamu kwamba hanunui msimbo. Analipia matunzo.

Kwanza bidhaa yenyewe. WordPress ikiwa tupu humpa mwandishi kichwa cha habari, eneo la kuandikia na picha kuu. Kampuni ya utalii ya Zanzibar inahitaji zaidi ya hapo: bei kwa mtu mmoja, idadi ya siku, vitu vilivyomo na visivyomo katika bei, na ratiba ya safari siku baada ya siku. ACF ni programu-jalizi inayoongeza nyuga, yaani visanduku vya kujazia vyenye aina na majina yake, ili karani wa ofisini ajaze bei mahali pa bei na tarehe mahali pa tarehe, bila kugusa mpangilio wa ukurasa. Toleo la bure linatosha kwa mengi ya haya. Ratiba ndiyo inayolazimisha watu kununua PRO, kwa sababu safari moja ina siku tatu na nyingine ina siku saba, na uga wa aina ya Repeater ndio unaomwezesha karani kubonyeza kitufe kimoja na kuongeza siku nyingine yenye visanduku vilevile.

Inafaa kutazama kinachotendeka ndani ya hifadhidata, maana hapo uimara na udhaifu wa bidhaa huonekana pamoja. Tuseme ratiba ina siku saba, na kila siku ina nyuga tatu: kichwa, maelezo na malazi. Kila thamani huhifadhiwa katika postmeta, jedwali la WordPress la taarifa za ziada za kila ukurasa, kwa mistari miwili, mmoja wa thamani yenyewe, kwa mfano ratiba_0_malazi, na mwingine wa kumbukumbu inayosema thamani hiyo ni ya uga upi. Ukijumlisha na mistari miwili ya Repeater wenyewe, ratiba moja ya wiki hutumia mistari 44. Kwa kampuni yenye safari thelathini hilo si tatizo. Kwa tovuti ya matangazo ya nyumba yenye maelfu ya kurasa, hasa ile inayowaruhusu wageni kutafuta kwa kuchuja thamani hizo, jedwali hunenepa na utafutaji huanza kukokota, na hapo mjenzi mwenye busara huunda majedwali yake mwenyewe. Faida ya mpangilio huu ni kwamba data hubaki katika majedwali ya kawaida ya WordPress. Hata programu-jalizi ikiondolewa, thamani zipo na zinasomeka kwa kazi (function) ya get_post_meta ambayo WordPress inakuja nayo.

Katika faili za kiolezo, yaani zile zinazopanga jinsi ukurasa unavyoonekana, msimbo wake ni mwepesi kusomeka: have_rows, the_row, the_sub_field, na kazi imekwisha. Ninaithamini pia folda ya acf-json, ambayo huhifadhi muundo wa nyuga kama faili ndani ya mandhari (theme) ya tovuti, yaani kifurushi kinachoipa sura yake, hivyo mabadiliko yaliyofanywa kwenye kompyuta ya mjenzi yanaweza kuwekwa kwenye Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, na kupelekwa kwenye seva bila kuunda kila kisanduku upya kwa mkono. Kasoro ninayoiona mara nyingi si ya ACF peke yake bali ni ya namna inavyotumiwa: mtu akiizima programu-jalizi kwa bahati mbaya, kiolezo kinachoita get_field bila kukagua kwanza kama kazi hiyo ipo huangusha ukurasa wote, na mgeni huona ujumbe wa hitilafu kubwa badala ya bei za safari.

Sasa leseni. WordPress iko chini ya GPL toleo la pili au la baadaye, leseni huria inayotaka nakala zinazosambazwa zibaki chini ya masharti yaleyale, na msimamo wa mradi huo tangu zamani ni kwamba msimbo wa PHP (lugha ambayo WordPress imeandikwa) wa mandhari na programu-jalizi zinazofanya kazi ndani yake hufuata leseni hiyohiyo. Mwaka 2009 Software Freedom Law Center ya Marekani ilitoa maoni ya kisheria kuhusu mandhari: sehemu za PHP zinafungwa na GPL, ilhali picha na CSS (msimbo wa mwonekano) zinaweza kuwa na leseni nyingine. Mwaka uliofuata mzozo ulizuka hadharani kati ya Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wa WordPress, na Chris Pearson, aliyekuwa akiuza mandhari ya Thesis kwa leseni iliyofungwa. Mwisho wake Pearson alikubali leseni iliyogawanywa, PHP ikawa GPL. Tangu hapo biashara nyingi za programu-jalizi za kulipia zimejengwa juu ya ukweli mmoja: muuzaji hawezi kukuzuia kunakili, kwa hiyo anakuuzia ufunguo unaofungua masasisho na msaada wa kitaalamu. Ufunguo wa ACF PRO ukiisha muda, tovuti inaendelea kuonyesha maudhui yake, lakini masasisho hukatika.

Bei zimepangwa kwa ngazi tatu ambazo zimedumu kwa miaka kadhaa: dola 49 kwa tovuti moja, dola 149 kwa tovuti kumi, na dola 249 kwa tovuti zisizo na kikomo, zote kwa mwaka. Mwenye tovuti nne tayari ananufaika na ngazi ya pili. Haikuwa hivyo mwanzoni. Elliot Condon wa Australia, aliyeianzisha ACF mwaka 2011, aliiacha programu-jalizi kuu ikiwa bure na kuuza nyongeza moja moja, Repeater ikiwemo. Baadaye akaziunganisha zote kuwa PRO na kuuza leseni za kudumu, mtu analipa mara moja tu. Mfumo ulipogeuzwa kuwa wa mwaka, leseni za kudumu za wanunuzi wa awali ziliheshimiwa, na hilo ni jambo la kupongezwa kwa sababu ahadi za aina hiyo ni rahisi kusahaulika kampuni inapobadilisha mikono. Na ACF ilibadilisha mikono mara mbili: Delicious Brains waliinunua mwaka 2021, kisha WP Engine, kampuni ya kuhifadhi tovuti za WordPress, wakaichukua mwaka 2022 pamoja na programu-jalizi nyingine za Delicious Brains.

Thamani ya leseni ilipimwa kwa nguvu mwaka 2024. Mgogoro kati ya WP Engine na Mullenweg ulisababisha WP Engine kufungiwa huduma za WordPress.org, tovuti rasmi ya mradi iliyo chini ya Mullenweg, mwezi Septemba, na tarehe 12 Oktoba ukurasa wa toleo la bure la ACF katika orodha rasmi ya programu-jalizi ulichukuliwa na kupewa jina jipya, Secure Custom Fields. Mullenweg alitaja kanuni ya 18 ya miongozo ya orodha hiyo, akisema lengo ni kuondoa matangazo ya kibiashara na kurekebisha tatizo la usalama. Tovuti zilizowasha masasisho ya kiotomatiki zilijikuta zikitumia bidhaa ya timu nyingine bila wenyewe kuchagua. Watumiaji wa PRO hawakuguswa, kwa kuwa masasisho yao yalitoka moja kwa moja kwenye seva za ACF. Tarehe 10 Desemba mahakama ya shirikisho ya California ilitoa zuio la muda, na ukurasa ule ukarudishwa kwa WP Engine. Secure Custom Fields ikaendelea kuwepo kwenye ukurasa wake yenyewe.

Mimi naona kitendo kile cha Oktoba kilivunja imani, hata kama GPL inaruhusu kabisa kuanzisha tawi la msimbo wa mtu mwingine, yaani nakala inayoendelezwa kivyake. Kuanzisha tawi kwa jina jipya na kuwaalika watu wahamie ni haki ya kila mtu. Kuchukua ukurasa ambao mamilioni ya tovuti zimeuamini ni jambo jingine. Hata hivyo mnunuzi wa leo hana budi kukabili matokeo yake: Secure Custom Fields inatoa Repeater na vipengele vingine vilivyokuwa vya PRO, bila malipo. Anayelipa dola 49 hawezi kujidanganya kwamba analipia vipengele hivyo. Analipia timu inayoijua programu hiyo kwa undani, nyaraka zake ambazo ni miongoni mwa nyaraka bora kabisa katika ulimwengu wa WordPress, na mtu wa kumwandikia pale toleo jipya la PHP linapoharibu jambo fulani.

Wapo wanaosema njia safi zaidi ingekuwa uchangishaji wa umma: waombe watumiaji wachange kabla, jenga programu-jalizi, itoe bure kwa wote, na usiwe na funguo wala ankara za kila mwaka. Mifano ya jirani inafundisha. Ghost, programu huria ya kuchapisha tovuti iliyoanzishwa na John O'Nolan na Hannah Wolfe, iliomba pauni 25,000 kwenye Kickstarter, jukwaa la uchangishaji mtandaoni, mwaka 2013 na ikapata pauni 196,362 kutoka kwa wachangiaji 5,236. Toleo la kwanza kwa umma lilitoka Oktoba mwaka huohuo chini ya leseni ya MIT, leseni huria yenye masharti machache, na Ghost ipo hadi leo. Lakini haiishi kwa mchango ule. Inaishi kwa ada za wateja wanaolipia huduma ya kuhifadhiwa tovuti zao. Diaspora, mtandao wa kijamii wa chanzo huria ulioanzishwa na wanafunzi wanne wa New York, ulipata zaidi ya dola 200,000 mwaka 2010 ingawa uliomba dola 10,000 tu, na kufikia Agosti 2012 waanzilishi waliukabidhi kwa jumuiya ya watumiaji. Mchango mkubwa ulizaa programu, haukuzaa mishahara ya kudumu ya kuitunza.

Kwetu tunalielewa hili bila kufundishwa: mchango wa harusi hukusanywa kwa shangwe na kamati ikavunjwa, lakini hakuna anayechangisha kodi ya nyumba ya maharusi kila mwezi. Programu-jalizi ina harusi moja na miezi mingi ya kodi. WordPress hutoa matoleo makubwa zaidi ya mara moja kwa mwaka, PHP nayo hubadilika kila mwaka, na matundu ya usalama hayana msimu. Uchangishaji unafaa kwa kazi yenye mwanzo na mwisho unaoonekana, kama kuandika upya sehemu moja au kuongeza kipengele fulani, na hata hapo mchangishaji anapaswa kutaja leseni siku ya kwanza, kwa sababu chini ya GPL asiyechangia hata senti atapata kitu kilekile alichopata aliyechangia, na chini ya MIT mtu anaweza kukichukua na kukifungia ndani ya bidhaa yake. Wachangiaji wanaweza kulikubali hilo kwa moyo mweupe, lakini wawe wamelijua mapema.

Kwa mtunzi wa programu aliye Dar es Salaam au Nairobi kuna kizuizi cha ziada. Kickstarter haipokei waanzishaji wa kampeni kutoka nchi za Afrika Mashariki, na M-Changa ya Kenya, ambayo imefanya kazi njema ya kukusanya michango kwa simu, hutumiwa zaidi kwa matibabu, ada na misiba. Kulipa ni rahisi kuliko kuchangisha. Kwa Kenya, kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay iliyoletwa na Safaricom na Visa mwaka 2022 imeondoa usumbufu wa kutafuta mwenye kadi ya benki. Bei ya dola, lakini, haipungui shilingi inaposhuka, na mjenzi anayemtoza mteja mdogo kwa mwaka hulazimika kuieleza tena na tena.

Ndiyo maana nakala za bei chee za ACF PRO zinazozunguka kwenye makundi ya Telegram zina wanunuzi. Kisheria, msimbo wa GPL ukiuzwa tena si wizi. Hatari iko kwenye kilichoongezwa ndani: nakala ambayo ufunguo wake umechezewa inaweza kubeba msimbo unaopeleka wageni wako kwenye tovuti za kamari, na hakuna sasisho litakalokuja kuuziba mlango huo. Asiye na dola 49 achukue toleo la bure la ACF au Secure Custom Fields kutoka orodha rasmi. Zote mbili ni salama kuliko faili lililotoka kusikojulikana.

Ningependekeza PRO kwa ofisi inayotunza tovuti kadhaa za wateja wenye kipato kinachotegemea tovuti hizo, kama hoteli, shule binafsi na kampuni za utalii, na ningechagua ngazi ya tovuti kumi. Kwa blogu ya mtu mmoja au tovuti ya msikiti yenye kurasa sita, toleo la bure linatosha. Anayenunua kwa niaba ya mteja aifungue akaunti kwa barua pepe ya mteja huyo, auandike ufunguo kwenye faili la mipangilio la wp-config.php kwa ACF_PRO_LICENSE badala ya kuuacha kwenye dashibodi, na aweke tarehe ya kuhuisha kwenye mkataba ili mteja ajue mapema ni nani atakayelipa mwaka wa pili.