Ozoni au mrututu kwenye bwawa la mapambo?

Bwawa la bustani linalojazwa maji taka yaliyosafishwa hugeuka kijani upesi, kwa kuwa maji hayo huja na naitrojeni na fosforasi, chakula cha mwani. Mrututu, chumvi ya shaba inayoua mwani, ni rahisi na hauhitaji mtambo: unapima, unayeyusha, unamwaga. Ila shaba haiozi. Hutulia kwenye tope mwaka hadi mwaka, na maji yakikosa chokaa ya kutosha, dozi ndogo tu yaweza kuua samaki. Tena mwani ukifa wote kwa mkupuo, kuoza kwake humaliza oksijeni. Asubuhi unakuta samaki wanaelea.

Ozoni ni gesi inayotengenezwa papo hapo kwa kupitisha umeme kwenye hewa kavu au oksijeni. Hupasua seli za mwani, huondoa harufu na ile rangi ya chai, kisha muda si mrefu hurudi kuwa oksijeni. Haiachi mabaki kwenye tope kama shaba, lakini haiachi kinga pia: umeme ukikatika siku kadhaa, kijani kinarudi. Gesi yenyewe ikivuja hudhuru mapafu.

Penye samaki na umeme wa uhakika, mimi ningechukua ozoni. Fosforasi, hata hivyo, hakuna kati yao inayoiondoa.