Canon 6D kwenye kupamba: kamera ya 2012 bado inanilipa

Kazi yangu kubwa ni harusi, na zaidi ni kupamba, sherehe za usiku za wanawake pekee ambako mpiga picha mwanamume hatii mguu. Natumia Canon EOS 6D, iliyotoka 2012, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Wenzangu hunicheka: "Shoga, bado uko na hilo dude?" Niko nalo, na sioni haraka ya kuliacha.

Ukumbini ndiko kamera inakojulikana. Taa zinazimwa, bi harusi anaingia taratibu na taa za rangi zinamwandama, nami napandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 3200, pengine 6400. Chembechembe zipo ukiivuta picha kwenye kompyuta. Kwenye albamu sijasikia mtu akizilalamikia. Nukta za fokasi ni 11 tu, na gizani naiamini ile ya katikati: nashika jicho kwanza, kisha nasogeza fremu. Wanja unaonekana wazi, hina inaonekana wazi. Megapikseli zake ni 20.2, na picha ya A3 ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi inataka kama 17 na nusu. Tena wateja wengi, tuseme kweli, huzitazama kwenye WhatsApp, ambayo hubana picha kabla haijafika.

Nilikodi moja ya hizi mpya zisizo na kioo ndani, kwa harusi moja huko Nyali, nione ninachokosa. Fokasi yake wallahi ni ya ajabu, inashika jicho na kumfuata mtu hata akicheza. Lakini wakati wa dua nilipowasha shata ya kimya, ile inayopiga bila mlio, taa za LED za jukwaani zikachora michirizi ya giza juu ya gauni zima. Shata ile husoma sensa, kile kipande kinachonasa picha, mstari kwa mstari, na taa zenyewe zinawaka na kuzima upesi kuliko macho yetu yanavyotambua. Nikarudi kwenye shata ya kawaida, na kimya chenyewe kikaishia hapo.

Mombasa hii vifaa vinauliwa na unyevu na chumvi ya bahari. Lenzi ukiifungia kabatini miezi ya mvua inaota kuvu, nyuzinyuzi kama utando wa buibui, na kuvu haiulizi kamera ni ya mwaka gani. Ukitoka kwenye AC kwenda kupiga nje, lenzi inashika mvuke papo hapo. Iache ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto. Ndiyo maana pesa zangu zimeenda kwenye lenzi ya 85mm f/1.8 inayoingiza mwanga mwingi, flashi ya pili, na kasha lisilopitisha hewa lenye silika jeli ya kunyonya unyevu. Bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi) ninayoambiwa nikanunue inapita bei ya bodaboda mpya, na hakuna mteja atakayeniongezea hata shilingi kwa ajili yake.

Video siitetei, inaishia 1080p. Anayeuza video za 4K, zenye ukali zaidi, atafute nyingine.

Kinachonikera hasa ni nafasi moja tu ya kadi ya kuhifadhia picha. Kuna familia zinazotaka kadi ibaki kwa mamake bi harusi usiku uleule, maana mle ndani wanawake wako bila buibui. Kadi hiyo ikifa, nakala hakuna. Kwa hilo nitabadilisha, ila ninayoitafuta ni Canon 5D Mark III iliyotumika: inachukua kadi mbili, nayo pia ni ya 2012.