Brashi ya nywele zinazojikunja: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kabla ya kutoa hela, pitisha ncha za meno ya brashi kwenye ngozi laini ya ndani ya mkono. Zikikwaruza ngozi, zitakwaruza na nywele. Kisha tazama ubavu wa jino moja kwenye mwanga. Plastiki ya ovyo huwa na mshono pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana, na mshono huo hukwangua nywele kila unapopita. Ukaguzi huu wa nusu dakika una maana kuliko jina lililo kwenye boksi.

Nafasi ya kwanza tunaipa brashi ya safu saba: mgongo wa plastiki, mto wa mpira, meno ya nailoni. Inayojulikana zaidi ni Denman D3, ya kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1938. Uzuri wake ni kwamba mto wa mpira huchomoka, na safu za meno hutolewa moja moja. Mwenye nywele za mawimbi aziache zote saba. Mwenye nywele za kipilipili, au nzito sana, atoe ya pili, ya nne na ya sita, zibaki nne. Meno yakiachana, brashi haivuti sana na mikunjo hutoka minene. Wakati wa kurudisha mto kwenye mfereji wake, uchovye kwanza kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ili uteleze. Safu ulizotoa zihifadhi. Kuna brashi za kuiga ambazo mto wake umegandishwa kwa gundi. Hizo huwezi kuzipunguza safu, hata ziwe rahisi namna gani.

Ya pili ni brashi inayopinda, ile ambayo mgongo wake umegawanyika vipande vipande. Ikikutana na fundo hulegea badala ya kulilazimisha, kwa hiyo inafaa sana kwa watoto. Lakini kwa kuwa haikazi, haitengenezi mkunjo.

Kitana cha meno mapana kinashika nafasi ya tatu, ingawa kama nywele zako hukaa kwenye mabutu muda mwingi, hicho peke yake kinatosha. Cha mti kikague vibanzi.

Ya nne ni brashi ndogo ya kulaza nywele za pembeni. Zile zinazoitwa za asili kwa kawaida hutumia manyoya ya nguruwe. Asiyetumia kitu cha nguruwe asome lebo, achague ya nailoni. Usiivute mpaka kwenye ncha, maana huchambua mikunjo ikatimka ovyo, na usiikandamize kila siku pembeni, ambako nywele ni nyembamba.

Ya kuacha dukani: brashi ya sindano za chuma zenye vitone kichwani. Vitone hudondoka, chuma kikabaki wazi.

Sasa matumizi, ambako wengi hukosea. Brashi ya safu si ya kufungulia mafundo. Mafundo yafungue kabla, nywele zikiwa zimeloa na zina kondishena, kwa vidole kisha kitana, kuanzia nchani kupanda juu. Suuza, gawa kichwa mafungu manne hadi manane, paka losheni ya kuacha kichwani, halafu jeli. Kutoka kwenye fungu moja, tenga utepe wa nywele zako wenye upana wa brashi na unene usiozidi kidole. Weka brashi chini yake, sentimita mbili au tatu kutoka kwenye ngozi, uvute kwa mkazo wa wastani hadi mwisho, na karibu na ncha zungusha kifundo cha mkono. Tikisa utepe, uuache. Usiushike tena mpaka ukauke.

Mikunjo ikitoka kama nyuzi nyembamba, safu ni nyingi, punguza. Ikitimka, nywele zilianza kukauka kabla ya brashi. Nyunyizia maji na urudie fungu hilo. Ikilala bapa juu ya kichwa, umeanzia karibu mno na ngozi, nayo chanuo litainua mizizi zikishakauka. Chembe nyeupe hutokana na losheni na jeli zisizopatana: changanya kidogo kiganjani kabla ya kupaka, na mchanganyiko ukikatika kama maziwa yaliyoganda, badilisha kimojawapo. Ukisikia nywele zinakatika, simama, rudi kwenye kondishena.

Kila wiki toa nywele zilizonasa, osha brashi kwa sabuni, ianike meno yakiangalia chini. Brashi yenye mpini wa mti usiiloweke. Mafuta ya nazi yakikaa kwenye mpira huuvimbisha na kuulegeza, na meno huanza kuyumba, kwa hiyo siku ya kupaka mafuta tumia kitana.